Waimbaji wa Ridhaa na Furaha ya Kujifunza Wimbo

Mhadhara kwa walimu wa kwaya, waimbaji na wapenzi wa muziki



Nimeombwa nizungumzie uimbaji wa ridhaa, yaani uimbaji wa mtu asiyeitafutia riziki sauti yake. Muziki ukitajwa katika nchi zetu, macho hukimbilia kwa wasanii wenye majina, studio na majukwaa yenye taa. Nao wanastahili. Lakini idadi kubwa kabisa ya watu wanaoimba katika Afrika Mashariki hawana studio wala meneja. Wana daftari, kalamu, na jioni mbili au tatu za juma ambazo wangeweza kuzitumia kupumzika. Hao ndio ninaotaka kuwazungumzia leo, na neno langu kwao ni hili: furaha yao kubwa iko katika kujifunza wimbo, kabla hata hawajausimamisha mbele ya watu, na sisi walimu tunawapunja kila tunapowaimbisha bila kuwafundisha kuusoma.

Angalieni mazoezi ya kwaya yoyote siku ya kazi, saa kumi na moja jioni. Anaingia muuguzi aliyetoka zamu ya asubuhi. Anaingia fundi cherehani, futi yake bado imening'inia shingoni. Mama mwenye genge sokoni amemwachia binti yake biashara. Kijana wa bodaboda ameegesha pikipiki mlangoni na kila baada ya muda anaichungulia. Hakuna anayelipwa hapo. Wao ndio wanaotoa: mchango wa sare, nauli ya kwenda kwenye tamasha, rambirambi kwa mwenzao aliyefiwa, fedha ya kutengeneza kinanda. Ukiwauliza kwa nini wanakuja, wengi watakujibu kwamba wanamtumikia Mungu, na hilo ni kweli, sina haja ya kulichimba. Ila ukikaa nao kwa muda utaona jambo jingine linaloandamana na hilo. Wanakuja kwa sababu jioni ile watajua kitu ambacho asubuhi hawakukijua.

Wimbo mpya unavyoingia kwenye kwaya, mnajua wenyewe. Mwalimu anagawa karatasi au anaandika ubaoni. Anatoa do. Sauti ya nne, wale wa besi, wanaanza, wanaimba nota tupu bila maneno, mstari mmoja, kwa kubabaika. Wanarudia. Wakati huo wengine wanasubiri, na anayesubiri vizuri anafuata nota zake kwa kidole, midomo ikicheza. Kisha sauti ya tatu. Mwalimu anawaunganisha wale wa tatu na wa nne, wanavutana, mmoja anaingia kwenye sauti ya jirani yake, mwalimu anasimamisha: kila mtu ashike sauti yake. Wanarudia. Sauti ya pili wanaongezwa, ambao mara nyingi wamepewa kazi ngumu kuliko wote, kwa kuwa hawana mdundo wa chini wa kuegemea wala melodi ya kukumbukwa. Mwisho wanakuja sauti ya kwanza. Na katika kurudia mara ya tano au ya sita, bila mtu yeyote kutangaza, wimbo unakaa.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo, kwa sababu jambo linalotokea pale lina maelezo yake ya kisayansi. Mwimbaji wa sauti ya kwanza anayeimba nota ya A iliyo juu kidogo ya do ya katikati ya kinanda, nyuzi zake za sauti hutikisika mara 440 kwa sekunde. Besi akiimba A iliyo oktava mbili chini yake, nyuzi zake hutikisika mara 110. Nne kwa moja, kamili. Ukichukua do na so iliyo juu yake, uwiano wao ni mbili kwa tatu. Uwiano huo ukiwa sahihi, mawimbi ya sauti mbili hukutana kwa mpangilio na sikio hupokea kitu kimoja kilichotulia. Ukikosewa hata kidogo, mawimbi hugombana, na sikio husikia sauti ikipanda na kushuka kama inayotetemeka. Kwa hiyo kwaya "inapokaa," hakuna uchawi wala hisia tupu: watu arobaini wamerekebisha makoo yao mpaka hesabu imetimia. Wengi wao hawajawahi kuambiwa habari ya uwiano huu. Lakini wanaujua mwilini. Tazameni nyuso zao wakati ule: wanageukiana na kutabasamu, hata wale waliokuwa wamenuniana tangu Jumapili.

Sasa, karatasi ile yenye herufi za d, r, m, f, s, l, t ilitoka wapi? Wanakwaya wetu wengi wameiishi maisha yao yote bila kuambiwa historia yake, na historia hiyo inawahusu sana, kwa sababu ni historia ya waimbaji wa ridhaa tangu mwanzo wake.

Katika mji wa Norwich, Uingereza, aliishi mwalimu mmoja, Sarah Glover, aliyezaliwa mwaka 1786. Alitaka watoto wa kawaida na waumini wa kawaida waweze kuimba zaburi vizuri bila kupitia miaka ya masomo ya muziki. Akatengeneza mfumo wa kuandika sauti kwa herufi, ambamo do haikai mahali pamoja bali huhama kufuata wimbo. Popote wimbo unapopatia makazi yake, hapo ndipo do. Mwaka 1835 alichapisha kitabu chake. Miaka michache baadaye, mwaka 1841, mkutano wa walimu wa shule za Jumapili mjini Hull ulimpa mchungaji kijana, John Curwen, kazi ya kutafuta njia iliyo bora ya kuwafundisha watu kuimba. Curwen hakuwa mwanamuziki. Alikuwa ameshahangaika na nota za mistari mitano na kushindwa. Kitabu cha Bibi Glover ndicho kilichomfungua, naye akautengeneza mfumo ule upya, akauchapisha, akaanzisha chama cha kuueneza mwaka 1853 na baadaye chuo. Wafanyakazi wa viwandani, watumishi wa nyumbani, watoto wa shule za maskini wakaanza kusoma muziki. Mimi huwa nalirudia jambo hili kila ninapofundisha: mfumo tunaoutumia ulibuniwa na mwalimu wa watoto, ukaenezwa na mtu ambaye hapo kabla hakujua kusoma nota. Kwa hiyo mwanakwaya anayeniambia kwamba nota ni za wasomi wa muziki, nina jibu lake.

Tena tazameni jinsi ulivyo rahisi kuuandika. Herufi za kawaida tu. Nukta mbili hutenganisha mapigo. Pigo likigawanywa nusu kwa nusu, nukta moja hukaa katikati. Sauti ikirefushwa, kistari. Mistari ya wima hugawa vipimo. Alama ndogo juu ya herufi huipeleka oktava ya juu, alama ya chini huishusha. Taipureta yoyote iliweza kuyaandika haya. Mashine ya stensili ya ofisi ya parokia iliweza kuyatoa nakala mia. Na pale ambapo hata stensili haikuwapo, mtu mwenye kalamu na daftari la mistari alinakili wimbo mzima wa sauti nne kwa mkono, akampa mwenzake, naye akanakili. Hakuna haja ya kuwa na piano nyumbani. Kwa watu wasio na ala, hii ilikuwa elimu kamili ya muziki.

Mfumo huu ulisambaa Afrika pamoja na shule za misheni, na kusini mwa bara ndiko ulikoota mizizi mapema. Huko Nancefield, karibu na Johannesburg, alikuwapo mwalimu wa shule ya Kimethodisti aliyeitwa Enoch Sontonga. Alikuwa na kwaya ya shule, na alikuwa na tabia ya kuwatungia wanafunzi wake nyimbo, akiziandika kwa solfa, ndiyo mfumo huo wa herufi. Mwaka 1897 alitunga mmoja ambao aliuita Nkosi Sikelel' iAfrika. Ulisikika hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1899, katika ibada ya kumbariki mchungaji. Sontonga alifariki mwaka 1905, akiwa bado kijana, bila kujua kazi yake ingefika wapi. Kwaya zilizomfuata ziliuchukua wimbo ule kutoka kwaya hadi kwaya. Samuel Mqhayi, mshairi wa Kixhosa, akauongezea beti mwaka 1927. Na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, watu walisimama wima wakiimba sauti ile ile kwa maneno ya Kiswahili, kama tunavyosimama hadi leo.

Ningependa kila mwalimu wa kwaya ya shule alichukue hilo na kwenda nalo darasani. Wimbo wa taifa letu haukutungwa na mtunzi wa ikulu. Ulitungwa na mwalimu kwa ajili ya watoto aliokuwa akiwafundisha, ukahifadhiwa na waimbaji wasiolipwa.

Ndugu zangu, nisije nikaeleweka kana kwamba sauti nne tumeletewa na meli. Hilo si kweli, na Dodoma ipo kuthibitisha. Wagogo waliimba sauti zinazokwenda pamoja kwa kupishana tangu kabla ya kengele ya kwanza ya misheni kulia katika nchi yao. Sikilizeni akina mama wa Kigogo wakiimba katika muheme, ngoma zikiwa kati ya magoti: sauti zinatembea kwa umbali wa nne na wa tano, na kila mmoja anajua nafasi yake bila karatasi. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alizunguka dunia na uimbaji huo pamoja na zeze na marimba yake, na wasikilizaji wa nchi za mbali walishangaa. Nyumbani hakuna aliyeshangaa, kwa sababu kule kila mtu anayekuja ngomani ni mwimbaji. Mtoto husikiliza akiwa mgongoni, huitikia akiwa na miaka michache, na siku moja hujikuta anaongoza.

Wala uimbaji wa ridhaa si wa kanisani peke yake. Pwani yetu yote ina madrasa ambazo vijana wake hukaa jioni wakijifunza kaswida kwa dufu, mmoja akianza na wengine wakipokea, na wakati wa maulidi watu wazima wenye kazi zao wanakaa usiku kucha wakisoma Barzanji kwa sauti zilizopangwa. Unguja, tangu mwaka 1905, kuna Nadi Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu iliyojengwa na watu waliokutana baada ya shughuli zao za mchana ili wajifunze pamoja. Roho ni ile ile. Mtu ametoka kazini, ameoga, amekwenda kukaa na wenzake ili wimbo ukamilike.

Kuna mfano mmoja kutoka kwa ndugu zetu wa Kongo ambao siwezi kuupita haraka. Kamina, mji wa Katanga, katika miaka ya 1950, padre mmoja Mbelgiji aitwaye Guido Haazen alikuwa na kwaya ya wavulana wa shule pamoja na walimu wao. Angeweza kuwafundisha nyimbo za Ulaya tu, na wengi wa wakati wake walifanya hivyo. Yeye alifanya kazi pamoja nao wakitumia namna za kuimba za Waluba na jamii jirani, wao wenyewe wakijaza na kubuni, wimbo ukijengeka mazoezini. Kilichotoka pale ni Missa Luba, misa ya Kilatini yenye pumzi ya Kikongo, iliyoimbwa Kamina kwa mara ya kwanza mwaka 1958. Mwaka huo huo wavulana wale wakasafiri Ulaya, wakaimba Ubelgiji wakati wa maonyesho makubwa ya dunia ya Brussels. Miaka mingi baadaye, mwaka 1990, Muungano National Choir ya Nairobi chini ya Boniface Mganga ikairekodi upya. Kinachonigusa hapo ni namna kazi ilivyofanyika. Wale watoto hawakupewa wimbo uliokwisha kamilika ili wauige. Waliujua kutoka ndani kwa sababu walikuwamo wakati unazaliwa.

Hapa pana suala la lugha ambalo waimbaji wanalihisi hata kama hawalisemi. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tenzi nyingi za Ulaya zilizotafsiriwa kwetu zina mistari inayomalizikia kwenye pigo zito. Matokeo yake ni kwamba kwa vizazi kadhaa tumeimba "mwokozi" kwa kuikandamiza "zi," na "mbinguni" kwa kuikandamiza "ni." Tumezoea. Lakini mwimbaji anapopewa wimbo uliotungwa kwa Kiswahili na mtu anayekisikia Kiswahili, ambapo pigo na mkazo vimekutana, mdomo wake unatulia na maneno yanatoka yenyewe. Kwaya huushika wimbo wa namna hiyo kwa nusu ya muda.

Ndiyo maana ninazithamini sana zile kazi zilizofuata mwaka 1963, pale Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati juu ya liturujia na kufungua mlango kwa lugha za watu. Kwaya za Kikatoliki zilizokuwa zikiimba Kilatini zilijikuta zinahitaji misa, zaburi na nyimbo za kila majira kwa Kiswahili. Nani angezitunga? Walizitunga walimu wa shule, makatekista, mapadre, masista, makarani. Watu wenye kazi nyingine. Waliandika kwa solfa usiku, wakapeleka mazoezini, wakasikia pale penye kasoro, wakarudi kurekebisha. Hazina ya nyimbo za Kikatoliki tuliyonayo leo, ambayo kila tarehe 22 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, somo wa wanamuziki, kwaya zetu huishangilia, ni mavuno ya watu hao.

Kwa Walutheri, kijana aliyekuwa akisomea uchungaji Makumira, Bernard Kyamanywa, aliandika mwaka 1966 maneno ya Mfurahini, Haleluya, yakakaa juu ya sauti ya asili ya Kihaya. Wimbo huo wa Pasaka ulitafsiriwa haraka, na leo ni namba 116 katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani. Fikirini jambo hilo: misheni ilileta tenzi za Kijerumani Bukoba, na sasa kwaya ndogo za vijiji vya Ujerumani, zenye waokaji mikate na wastaafu na wanafunzi, zinajifunza kila mwaka sauti ya Kihaya, zikihangaika na mapigo yake kama sisi tulivyohangaika na ya kwao.

Kuhangaika huko ni sehemu ya furaha. Handel aliimaliza Messiah kwa siku 24 mwaka 1741, nayo ikaimbwa Dublin mwaka uliofuata. Kwaya zetu zinazothubutu kuisimamisha Haleluya yake kwa Kiswahili wakati wa Krismasi au Pasaka hazimalizi kuijifunza kwa siku 24. Zinachukua miezi. Sauti ya kwanza wanapofika pale wanapopaswa kupanda hatua kwa hatua, kila mara juu kidogo kuliko mara iliyopita, wengine wanabana koo na wengine wananyamaza. Lakini yule mama wa genge aliyefanikiwa kuifikia nota ile ya juu kwa pumzi sahihi, baada ya majuma ya kushindwa, amepata kitu ambacho hakuna mtu anayeweza kumnyang'anya. Nimeona watu wakilia mazoezini, kanisa likiwa tupu, wala haikuwa kwa huzuni.

Kuhusu mashindano nitasema machache. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limefanya kazi kubwa kupita kiasi: vizazi vya wanafunzi vimejifunza kuimba nyimbo za jamii zisizo zao, kwa lugha zisizo zao, na waamuzi wakawaeleza hadharani walipofanya vizuri na walipoteleza. Hiyo ni elimu. Hatari yake ni moja tu, na ipo pia katika mashindano ya kwaya huku kwetu. Mwalimu anayetafuta kombe huchukua nyimbo mbili tatu, akazikariri na wanafunzi muhula mzima mpaka zing'ae, na kombe likishapatikana wanafunzi wale hawawezi kuusoma wimbo wa nne.

Na hili linanifikisha kwenye jambo lililonileta.

Siku hizi wimbo mpya mara nyingi haufiki kwa karatasi. Mwalimu anarekodi kila sauti kwenye simu, anaituma kwenye kundi la WhatsApp, na kila mtu anasikiliza ya kwake akiwa kwenye daladala. Naelewa kwa nini. Watu wako mbali, foleni ni ndefu, mazoezi ni machache. Simu imewasaidia wagonjwa na walio safarini wasiachwe nyuma. Siwalaumu walimu wanaofanya hivyo, na najua wengine wao ni walimu bora kuliko mimi. Ila naomba tuangalie kinachopotea. Mwimbaji aliyejifunza sauti yake peke yake, kutoka kwenye rekodi, anakuja mazoezini akiwa ameimeza kama ilivyo, pamoja na makosa ya aliyerekodi. Hajawasikia wenzake. Wakiunganishwa anaziba masikio ili asivutwe. Anaimba kando ya wenzake, wakati utamu wote wa kwaya uko katika kuimba ndani yao. Na rekodi ikipotea, wimbo umepotea.

Kibaya zaidi, kwaya nyingine zimefika mahali pa kusimama mbele ya watu na kuchezesha midomo juu ya wimbo uliorekodiwa studio, spika zikipiga kwa nguvu. Sitawataja na sina nia ya kuwaaibisha. Wamefikishwa hapo na kiu ya kusikika kama wale wa kwenye video. Lakini mwanakwaya aliyeshika kipaza sauti kisichowashwa ameibiwa. Alikuja kuimba. Mrudishieni wimbo wake, hata kama utatoka na kasoro.

Kuna atakayeniuliza: mbona Wagogo uliowasifu hawasomi nota? Swali zuri, na jibu lake lina uzito. Mtoto wa Kigogo anaishi ndani ya uimbaji wake tangu anazaliwa. Masikio yake yamefundishwa kwa miaka mingi, kila siku, na watu wanaoujua wimbo kutoka kwa waliowatangulia. Hiyo ni shule kamili. Kijana wa mjini anayekuja kwenye kwaya mara mbili kwa juma hana shule hiyo, na rekodi ya dakika tatu haiwezi kuwa badala yake. Anachoweza kupewa kwa muda mfupi, na kikamfaa maisha yake yote, ni kuusoma wimbo. Solfa ina mipaka yake, hilo nalikubali: muziki unaohamahama makazi unaisumbua, na wapiga ala wanahitaji nota za mistari mitano. Atakayetaka kwenda huko aende, na akiwa tayari ana solfa kichwani atakwenda kwa kasi.

Mwanakwaya anayesoma anabadilika hata katika mwenendo wake. Hamsubiri tena mwalimu ampe kila nota. Akisafiri kwenda mkoa mwingine, anaingia kwenye kwaya ya huko Jumamosi na Jumapili anaimba nao. Akikuta daftari la marehemu babu yake aliyekuwa mwalimu wa kwaya, anaweza kulifungua na kusikia kile babu alichokisikia. Ziko daftari nyingi za namna hiyo, zimefungwa kwenye masanduku, zinaliwa na mchwa, zikiwa na nyimbo ambazo hakuna anayeziimba tena. Naomba mzitafute. Pigeni picha kurasa zake kwa simu hizo hizo, mziandike upya, jina la mtunzi likae juu ya kila wimbo.

Nilitaka pia kusema juu ya pumzi, kwa sababu kuna wazee hapa walioniuliza kama umri umewapita. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi, wakiongozwa na Björn Vickhoff, waliwapima vijana mapigo ya moyo wakiwa wanaimba pamoja. Walikuta mioyo yao inaongeza na kupunguza kasi kwa pamoja, kwa sababu wimbo unawapangia wote wapi pa kuvuta pumzi na wapi pa kuitoa. Kwa hiyo mzee anayekaa katika kwaya na kufuata pumzi za wenzake, moyo wake unakwenda nao. Sauti ya uzeeni hupungua juu na kutetemeka kidogo, lakini masikio yaliyofundishwa hayazeeki kwa kasi hiyo. Wapeni wazee sauti ya pili na ya nne, wapangeni kando ya vijana wasiojiamini, na mtaona nani anamshikilia nani.

Walimu, ombi langu kwenu ni dogo. Kila mazoezi, kabla ya wimbo wowote wa Jumapili, tengeni dakika kumi za kusoma. Wimbo mfupi, mpya kabisa, ambao hauna mpango wa kuimbwa popote. Kinanda kifungwe. Usiwaimbie, wape do na uwasubiri, hata wakikwama. Kukwama pamoja na kujikwamua pamoja ndiko kunakowafundisha kusikilizana. Wanaoanza waanze na d, m, s peke yake, wakizizoea waongezewe r na l, na fa na ti ziwe za mwisho kwa kuwa ndizo zinazowasumbua wengi. Baada ya miezi michache watakuwa wanawauliza ninyi wimbo mwingine uko wapi.

Na kwa kuwa si haki kuwaagiza wengine jambo hili halafu niende zangu, nimeandika mistari minne kwa ajili ya jioni hii. Hakuna aliyewahi kuiona. Karatasi zinapitishwa sasa hivi. Wawili watumie moja. Wageni ambao hamjawahi kusoma nota, simameni katikati ya wanaozijua, mfuate kwa kidole. Tunaimba nota kwanza, maneno baadaye. Do ni G. Vipimo vinne, mapigo matatu kila kipimo, taratibu. Sauti ya nne mna d kwa vipimo viwili vya kwanza, msishuke. Sauti ya tatu mnaingia kwa s katika kipimo cha pili, na mkiingia wasikilizeni besi kabla ya kujisikiliza wenyewe. Sauti ya pili na ya kwanza, tutawafikia.

Sauti ya nne, simameni.